Kora ya ngozi iliyochanika: shajara ya matengenezo, Januari hadi Oktoba 2024

Januari 14

Basi nimeinunua hii kora. Wiki nzima imenikaa kichwani, naenda sokoni Brikama naiangalia, narudi Serrekunda mikono mitupu, leo nkasema liwalo na liwe, nkatoa dalasi 8,500 nkaibeba kwenye gelegele, daladala ya huku, nimeipakata kama mtoto mchanga na abiria wote wanaitazama. Kwa asiyejua, niko huku Gambia kikazi mwaka wa tatu sasa, kwetu ni Dodoma, nimekua nasikia zeze la Wagogo kwa hiyo chombo cha nyuzi chenye kibuyu tumboni sio kigeni kwangu. Ila kora ni habari nyingine kabisa. Nusu ya buyu kubwa, ngozi ya ng'ombe imewambwa juu yake, shingo ya mti mgumu imepenya buyu upande hadi upande, nyuzi 21, yaani 11 za mkono wa kushoto na 10 za kulia. Vidole vitatu vya kila mkono vinashika vile vishikio viwili, vinavyocheza ni gumba na shahada tu, vidole vinne hivyo ndo vinatoa besi na wimbo na madoido yote kwa wakati mmoja. Ukifumba macho unadhani wamekaa watu watatu.

Kwenye mkusanyiko wangu hii ni ya nne. Ninayo ngoni, kile chombo kidogo cha nyuzi cha Mali, ninayo donso ngoni ile ya wawindaji wa Wasulu yenye nyuzi sita, na goje la Kihausa lenye uzi mmoja wa singa za farasi na ngozi ya kenge. Zote nilizipata nzima. Hii ni ya kwanza kuipata mgonjwa.

Januari 15

Nimekaa nayo asubuhi hii na daftari, naandika kila nilichokiona kabla sijagusa kitu.

Ngozi imechanika pale inapokaa bato, kile kijiti kirefu kinachobeba nyuzi, mpasuko kama wa sentimita 12 unateremka mpaka karibu na ukingo. Bato lenyewe lipo na ni zuri mno, mikato 11 upande huu na 10 ule, mikato ya nyuzi za besi imelika ndani kuliko mingine. Konso, zile pete za ngozi iliyosukwa zinazozunguka shingo na ndizo zinazokaza nyuzi, zimebaki 14. Saba hazipo ila zimeacha alama, mti una mikanda ya rangi nyepesi pale zilipokuwa zinakaa, yaani jua na jasho viliupiga mti kotekote isipokuwa pale. Nyuzi zimebaki tisa, zote nailoni, unene hauendani. Buyu lina ufa wa zamani mgongoni ambao mtu aliushona kwa uzi mweusi, tundu hapa tundu pale kama anashona gunia, na mshono bado umeshika. Nyenyemo haipo, ile bati yenye vijipete inayotoa sauti ya kuwasha ukipiga. Wauzaji wengi huziondoa, wateja wageni wanadhani chombo kibovu.

Na juu kwenye ngozi kuna jina. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi, mpasuko umepita katikati yake, nasoma "J" ya mwanzo na labda "h" mwishoni. Huku inaweza kuwa Jobarteh, lakini herufi mbili haziwezi kukupa ukoo wa mtu, naliacha hivyohivyo.

Muuzaji aliniambia ina miaka mia moja. Konso zenyewe hazithibitishi chochote maana mafundi wanazisuka hadi leo, nailoni nayo haithibitishi maana nyuzi zinabadilishwa kila mara, zamani zilikuwa ngozi ya swala iliyosokotwa halafu nailoni ya wavuvi ikachukua nafasi. Kinachonishawishi mimi ni vishikio. Vimelainika na kung'aa kwa viganja vya mtu, kile cha kushoto kimelika zaidi ya kulia, huwezi kutengeneza hiyo kwa msasa. Kora za kitalii zinazotundikwa madukani vishikio vyake vina pembe kali bado, hakuna aliyezishika. Kwa hiyo umri siujui ila naamini kitu kimoja, hii ilichezwa, na ilichezwa sana.

Januari 21

Jambo limetokea. Nilikuwa naigeuza taratibu kuangalia ule mshono nkasikia kitu kinatembea ndani ya buyu. Nkaitikisa mpaka kikatokea kwenye tundu la sauti. Sarafu. Bututi 25 (bututi ndo senti ya dalasi), ya 1971, Rais Dawda Jawara upande mmoja na mchikichi upande wa pili.

Nimekaa nayo mkononi muda mrefu. Watu wa huku, jali (mwimbaji na mpiga kora wa kurithi, wengine humwita griot) akiwasifu, akitaja baba na babu zao mpaka vizazi vya nyuma, wanainuka wanakuja wanamtumbukizia pesa humo humo kwenye tundu la sauti, kwa hiyo tundu lile ni masikio na mfuko pia. Kuna siku mtu alisifiwa mbele ya kora hii akainuka akatoa alichonacho. Sarafu ya 1971 ni ya mwanzo kabisa wa dalasi, kabla ya hapo walitumia pauni. Haisemi kora ilitengenezwa lini, inasema tu kwamba mwaka huo au baadaye ilikuwa bado kazini, ila hata hilo kwangu ni kubwa kuliko hadithi ya muuzaji.

Sarafu nimeipiga picha, nimeifunga kwenye bahasha, nimeandika tarehe.

Februari 4

Wadudu. Chini ya buyu nimekuta vumbi jepesi kama unga wa sembe, na kwenye kingo za ngozi manyoya yamelika. Ikabidi nifungue kila kitu, nikazitoa nyuzi zilizobaki, nikachomoa shingo (inatoka ukiisukuma taratibu, haina gundi popote, kora nzima inashikwa na mkazo wa nyuzi na ngozi tu). Buyu na ngozi yake nimefunga kwenye nailoni nzito tabaka mbili, nikatoa hewa, nikapeleka kwenye friza ya jirani anayeuza samaki Bakau. Wiki mbili kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ndivyo makumbusho wanavyofanya, baridi inaua mdudu na mayai yake bila dawa. Wakati wa kutoa usifungue nailoni siku hiyo hiyo, subiri siku nzima ipate joto la chumba ndo ufungue, la sivyo unyevu wa hewa unageuka matone ya maji juu ya ngozi na utakuwa umeleta ukungu badala ya kuondoa wadudu.

Shingo haikuingia kwenye friza, ndefu mno. Matundu yake ni meusi ndani, hayana vumbi, maana yake ni ya zamani. Nimeilaza juu ya karatasi nyeusi, mwezi mzima nitaangalia kama kuna unga unadondoka.

Machi 9

Karatasi nyeusi bado nyeusi. Hamna kitu.

Machi 23

Nimempeleka mzee picha. Ni jali wa Brikama, mtengenezaji, nilifahamishwa kwake na mwenzangu wa kazini. Nilienda usiku baada ya futari, akapika attaya, chai ya huku, raundi zote tatu, ya kwanza chungu ya mwisho tamu, na kwenye raundi ya kwanza hatukuongea kora kabisa, tuliulizana hali za watu wa nyumbani. Yeye anaongea Kimandinka, mjukuu wake ananifasiria.

Nilimuuliza kuhusu ngozi. Nilitegemea aseme ishonwe kama buyu lilivyoshonwa. Alicheka kidogo akasema, mwanangu, buyu linashonwa, ngozi haishonwi. Ngozi ukiishona itapiga kelele kwenye mshono na itachanika tena wiki ya pili, bato linaikandamiza kwa nguvu ya nyuzi 21. Toa weka mpya. Nkamwambia mzee, hii ina jina la mtu. Akanyamaza, akanywa chai yake, akasema baba yake alibadilisha ngozi ya kora yake mara nyingi asizoweza kuhesabu na kora ilikuwa ile ile. Kora ni buyu na mti. Ngozi na nyuzi ni vitu vinavyokwisha.

Sikulala vizuri.

Machi 29

Nilituma picha kwa mkusanyaji mmoja wa Ulaya ambaye tumewahi kubadilishana vitu. Jibu limekuja jana, refu, na kwa ufupi anasema usiguse chochote, usibadilishe ngozi, usisuke konso, kila kipande kipya kinashusha bei, nifunge kama ilivyo nimuuzie na ametaja pesa ambayo ni mara kadhaa ya niliyotoa.

Namuelewa, tena kwa mbali ana haki. Vyombo vya zamani vya huku vimeharibiwa na watu waliotaka vipendeze, wanapaka vanishi, wanapigilia misumari ya kung'aa, wanatoa konso wanaweka funguo za gitaa halafu wanasema antiki. Sina ugomvi na funguo zenyewe, watawa wa Keur Moussa kule Senegal wamezitumia miaka mingi kwenye kora za ibada yao na zinatyuniwa vizuri na kukaa, kwa kora mpya ni jambo jema tu. Ila kuzitoboa kwenye shingo ya zamani ni kuiua, yale matundu hayafutiki.

Lakini kinachonisumbua kwenye jibu lake ni kwamba ananiomba niihifadhi ikiwa bubu. Wapo wanaoona hivyo ndo heshima. Mimi ninaposhika vile vishikio vilivyolika naona mtu aliyetoa maisha yake ili hii isiwe bubu.

Aprili 13

Pumziko kidogo la kora, nimetembelea upande wa Wajola, kabila la huku, na nimerudi na akonting. Mpya, nimemwagizia fundi, sio ya zamani. Naiandika hapa kwa sababu wakusanyaji wengi wanaipita tu, ni kibuyu kidogo, ngozi ya mbuzi, nyuzi tatu, shingo yake bua la mafunjo, haina urembo wowote. Na bado ukitafuta babu wa banjo ya Marekani, hii ni mojawapo ya ndugu zake wa karibu kabisa. Uzi mmoja ni mfupi na unapigwa na gumba, kama ule uzi wa tano wa banjo, na mkono unashuka na ukucha wa shahada kwenye uzi mrefu halafu gumba linafuata, ndivyo wazee wa banjo wa milima ya Marekani wanavyopiga mpaka leo. Mgambia Daniel Laemouahuma Jatta, Mjola mwenyewe, ndiye aliyehangaika miaka kukusanya habari za chombo hiki kwa wazee wa kwao, na mwaka 2000 akaenda kuwaonyesha wakusanyaji wa banjo huko huko Marekani. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanataja ngoni na binamu yake khalamu, vyombo vya magriot, peke yake, akonting inayochezwa na mkulima akitoka shamba hakuna aliyeitazama.

Kuna banjo moja kule Leiden, Uholanzi, mwanajeshi aitwaye Stedman aliitoa Suriname karne ya 18, inahesabiwa ni ya zamani kuliko zote zilizobaki. Kibuyu, ngozi, shingo, uzi mfupi wa gumba. Aliyeitengeneza alikuwa mtumwa na jina lake halikuandikwa popote, jina la aliyeichukua ndo tunalo. Nimeifikiria sana hiyo nikiangalia ile "J" kwenye ngozi yangu.

Aprili 20

Nimeamua. Ngozi inatoka, lakini inatoka nzima. Haitatupwa wala haitakatwa. Kila msumari natoa kwa mkono na kuupa namba, ngozi nailaza kwenye mbao kwa umbo lake la mviringo na jina lake juu, inakaa na kora milele, atakayekuja baada yangu akitaka kujua aone vyote viwili. Mkusanyaji nimemjibu kwa heshima kwamba siuzi.

Misumari 96, imenichukua siku mbili.

Mei 11

Kazi ya ngozi Brikama, siku nzima. Ililowekwa tangu juzi usiku, ikawa laini na nzito kama blanketi lililolowa, mzee na mjukuu na mimi tukaishika pande tatu tukawamba juu ya buyu, kisha vishikio vinapitishwa kwenye mikato chini ya ngozi sambamba na njia ya shingo, na kijiti cha kukingama kinachobeba bato, vyote vikiwa bado majimaji. Ngozi ikikauka inavibana yenyewe. Haraka yetu ilikuwa mvua, Juni ikiingia huku ngozi haikauki inaoza, sasa hivi jua ni kali na siku nne zinatosha. Mzee alikuwa anagonga gonga kwa kidole kila baada ya muda anasikiliza inavyopanda.

Nilimuuliza mti wa shingo. Keno, akasema bila kufikiri, na ni keno la zamani la katikati ya mti. Sa hizi kulipata la hivyo ni shida, mti huo umekatwa vibaya mno pande za Casamance, kusini mwa Senegal, miaka hii magogo yakaenda China, na tangu 2017 uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kwa mkusanyaji hilo lina maana yake, usibebe kitu cha keno kuvuka mpaka kabla hujauliza karatasi zinazotakiwa. Mkataba wangu ukiisha nataka kwenda nayo Dodoma, nimeanza kuuliza mapema.

Juni 22

Tobaski, yaani Idi ya kuchinja, imepita, kazi zimetulia, nasuka konso. Nilitaka nisuke zote saba mwenyewe. Kanda nyembamba ya ngozi mbichi iliyoloweshwa, inazungushwa shingo na kusukwa ikijishika yenyewe, inapokauka inasinyaa na kung'ang'ania mti. Ukitaka sauti ipande unaisukuma juu kwa nguvu huku unaizungusha. Ya kwanza ilikaza kupita kiasi haikusogea kabisa, ya pili ikalegea ikashuka yenyewe nikiiangalia, ya tatu mjukuu wa mzee akaifungua kimyakimya akanionyesha tena polepole. Ya nne imekaa. Zimekaa pale pale kwenye ile mikanda myepesi ya mti, hazikuzidi wala kupungua, sijui niseme vipi jinsi nilivyojisikia.

Konso 14 za zamani zimebaki. Saba mpya zina rangi tofauti na nataka zionekane hivyo, sijazipaka chochote.

Julai 20

Toumani Diabaté, mpiga kora mkubwa wa Mali, amefariki jana Bamako. Nimefika kwa mzee hakuna aliyekuwa anafanya kazi, redio tu. Watu hapa wanamhesabu wao pia, baba yake Sidiki alizaliwa huku Gambia kabla hajahamia Mali. Albamu yake ya kwanza ya 1988 ilikuwa kora peke yake bila mwimbaji, na ndo iliyonifanya mimi mtoto wa Dodoma nitafute neno kora lina maana gani. Mzee alichukua kora yake akapiga muda mrefu bila kuimba. Mvua ilikuwa inanyesha, ngozi imelegea, sauti imeshuka, hakuipandisha.

Leo sijashika chochote.

Agosti 17

Nyuzi. Nimezinunua Tanji kwenye duka la vifaa vya wavuvi, mshipi wa nailoni kwa mita, kuanzia kama milimita 0.7 kwa nyembamba mpaka karibu 2 kwa besi. Muuza duka aliniuliza navua samaki gani mwenye unene tofauti tofauti hivyo, nkamwambia kora, akanikatia kila saizi akaniongezea. Kufunga zote 21 nimetumia jioni mbili, bato linasimamishwa kwanza na nyuzi chache, halijapigiliwa wala kugundishwa, nyuzi zenyewe ndo zinaliweka. Likiteleza yanaanza upya yote, liliteleza mara moja.

Nikiwa nafunga nilikuwa nawaza safari ndefu ya vitu hivi. Mungo Park, msafiri Mskoti aliyepita huku mwishoni mwa karne ya 18, alitaja kinubi kikubwa cha nyuzi 18 akakiita korro. Na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, huyu huyu aliyefika Kilwa yetu mwaka 1331, miaka 20 na kitu baadaye akawa kwenye baraza la mfalme wa Mali anaona wanamuziki wanamtangulia mfalme na vinanda vya nyuzi vya dhahabu na fedha. Neno alilotumia ukilisikia linakukumbusha gambusi la pwani ya kwetu. Mtu mmoja, macho mamoja, aliziona pande zote mbili.

Septemba 14

Mvua bado. Natyuni asubuhi, jioni imeshuka nusu noti, ngozi inavuta unyevu na nailoni mpya inanyooka. Mzee anasema usipambane nayo, acha mvua iishe. Nyenyemo nimeikata kutoka bati la kopo la nyanya, vijipete 16, mjukuu aliitengeneza upya kidogo. Sasa ule mwasho upo, sauti haitoki tupu tena.

Oktoba 19

Hewa imeanza kukauka na ngozi imepanda yenyewe, ukigonga inaitika. Leo mzee amekuja kwangu Serrekunda kwa mara ya kwanza, ameitazama ile ngozi ya zamani ukutani kwenye mbao yake, amesoma "J" kwa kidole, hakusema kitu. Amekaa akaitia kwenye tomora ba, mojawapo ya namna za kutyuni kora, konso moja moja, anasukuma anasikiliza, karibu saa nzima. Halafu akapiga.

Alipomaliza alitoa noti ya dalasi 50 mfukoni mwake akaikunja akaniambia itumbukize. Nikamwambia mzee wewe ndo umepiga, mimi ndo natakiwa nitoe. Akasema itumbukize, ya 1971 iliondoka, haiwezi kukaa tupu.

Nimeitumbukiza. Uzi wa sita wa kushoto bado unashuka kila asubuhi, ni moja ya konso nilizosuka mimi. Kesho nitailowesha kidogo niikaze upya.